Pindo la Madigadi

Mimi ni fundi cherehani,
duka la tatu ukishuka soko la zamani, Malindi.
Gari sikulinunua.
Bi Ornella wa Kasurina alishindwa kunilipa
mapazia ya vyumba kumi na tisa,
akanipa funguo, akanipa kadi, akapanda ndege.
Jekundu. Viti viwili. Injini mbele, nguvu nyuma,
na huko nyuma, niseme nisiseme,
kumesinyaa kama suruali ya kuazima.

Tairi mia mbili na tano,
zimezama ndani ya madigadi
kama miguu ya mtoto katika viatu vya babake.
Ukikanyaga mafuta penye mchanga, njia ya Mayungu,
mkia unakuaga,
kisha unageuka kukutazama usoni.

Nikaenda kwa Tsuma Nyamawi, Maweni.
"Rimu ninazo," akasema. "Inchi nane, tisa, kumi.
Tairi ninazo hadi mia mbili themanini na tano.
Wewe unazo?"
Nikavua tepe shingoni.
Vijana wa kujaza upepo wakacheka mpaka pampu ikazimika.

Nikapiga magoti.
Nimepima viuno vya maharusi, mabega ya makadhi,
tumbo la diwani aliyeapa ni thelathini na nne;
sijapata kupima nafasi
kati ya springi na shavu la tairi.
Ndani, vidole viwili.
Nje, kidole na kiberiti.

"Sikiza," Tsuma akasema.
"Tairi pana kwa rimu nyembamba hutuna,
kwenye kona bega likalala.
Nyembamba kwa rimu pana huvutwa
kama shati linalotaka kurusha vifungo.
Tena kila rimu ina kiasi chake cha kuingia ndani:
kikizidi, inalamba springi,
kikipungua, inatoka nje kusalimia watu."
Nikamwambia, Tsuma, hayo nayajua.
Wewe waita rimu, mimi naita kwapa.

Usiku moyo ulitaka mia mbili themanini na tano.
Sikufichi. Nililiona gari limeketi barazani kwa Mungu,
makalio yamejaa, halina haraka na mtu.
Mwanakhamisi akauliza gizani:
"Na hilo gari lako linakwenda wapi?"
"Mambrui."
"Halafu?"
"Halafu linarudi kutoka Mambrui."
Akageukia ukuta.

Asubuhi nikachukua inchi tisa,
mia mbili hamsini na tano, nyuma tu.
Mbele nikaacha za zamani: pesa ni pesa.
Nikazunguka gari mara nne.
Kiberiti kilipita. Unyoya ungepita.
Tsuma akaingia kiti cha pili, kilo mia na kumi zake,
tukaondoka kuelekea Sabaki.

Tuta la kwanza kabla ya daraja:
kraaa.
Sauti ya marikani ikichanwa na mtu mwenye hasira.
Sikuhitaji kushuka.
Nililipima likiwa limesimama!
Miaka ishirini na sita nawaambia wanafunzi wangu,
mteja akisimama hukudanganya,
mkalishe, muiname, ndipo ukate.

Tsuma alitaka kurudisha pesa.
Nikakataa, nikaenda nyumbani kuleta pasi ya makaa.
Ukingo wa madigadi ni pindo,
nao ulikuwa umening'inia ndani bila kazi.
Kitambaa kibichi juu ya rangi, pasi juu ya kitambaa,
bati likapata joto, rangi ikalegea,
kisha nyundo ya mpira, taratibu,
nikalikunja kwa ndani, shibiri baada ya shibiri,
kama ninavyokunja kanzu ya Idi.
Wale vijana walikuwa wamenyamaza.

Mahali pamoja rangi ilipasuka, ukubwa wa kucha.
Chumvi ya hapa haisubiri,
basi nikapaka rangi ya kucha ya Mwanakhamisi,
nyekundu kwa nyekundu, lakini hazifanani.
Sikumwambia.
Ijumaa alasiri akatoka na buibui jipya,
akashika mlango wa kiti cha pili,
akaitambua kabla hajakaa.